Kuhusu swali lako la mshahara wa daktari bingwa

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza juzi, kwa kuwa nimekaa wodini na madaktari mpaka nikastaafu, bingwa anamzidi daktari wa kawaida kwa kiasi gani, na kama inafaa uende Nairobi kusomea magonjwa ya watoto. Mtandao ukakatika. Afadhali nikuandikie.

Anamzidi, hilo halina ubishi. Anapanda daraja, marupurupu yanapanda naye, na jioni ana wagonjwa wake mjini. Lakini nimekwambia tangu ukiwa kidato cha kwanza na leo nasema tena: mshahara usiupime kwa ukubwa, upime kwa tarehe unayoingia. Nimewaona mabingwa, watu wa kuheshimika, wakikopeshana nauli kwa sababu kaunti haijalipa, na mwezi mwingine uko katikati.

Wewe mwenyewe uliionja habari hiyo. Zile shilingi 206,400 kwa mwezi za daktari mwanagenzi, yaani aliyehitimu na yuko mafunzoni hospitalini, zilitokana na mkataba wa 2017, baada ya madaktari kugoma siku 100 kuanzia Desemba 5, 2016, na viongozi wa chama chao kutiwa ndani Februari. Nakumbuka wodi ilivyokuwa, sisi wauguzi peke yetu na wagonjwa. Juni sisi wauguzi nasi tukagoma, tukarudi Novemba. Kisha mwaka wa 2024, wewe umeshahitimu miaka sita ya chuo, serikali ikasema wanagenzi watalipwa 70,000. Mkakataa, na mlifanya vyema. Mgomo ukaanza Machi 14 ukaisha Mei 8, na suala lenu likaachwa likining'inia mpaka Desemba ndipo wakakubali mkataba ufuatwe.

Katika miezi hiyo ya kungoja ndipo tulipomzika mjomba wako wa Bura. Unakumbuka kamati ilivyokaa uani kwetu? Mwenyekiti ana daftari, anasoma majina na kuandika. Mwalimu, 5,000. Kaka yako, 3,000. Alipofika kwako hakuinua hata kichwa: "Daktari, 30,000." Ulikuwa umeshika birika la chai, huna kazi, huna barua ya kupangiwa hospitali, na deni la HELB, mkopo wa serikali wa chuo, linakusubiri. Ukasema, "Sawa."

Nilisimama nikawaambia mtoto huyu hajalipwa hata shilingi moja. Wakanyamaza kidogo, kisha mzee mmoja akasema kwa upole kabisa, "Lakini si ni daktari?" Pesa ilitoka kwenye chama changu cha akiba, na sikuionea uchungu, mjomba wako alinisomesha. Kinachoniuma mpaka leo ni ile "sawa" yako. Watu wanamwona daktari wa siku ya kwanza na kumtoza kama bingwa mwenye kliniki yake.

Na hata hizo 206,400 hazikufika mkononi zikiwa nzima. Bima ya afya ya jamii inachukua asilimia 2.75, karibu 5,700. Ada ya nyumba asilimia 1.5, karibu 3,100. Ushuru wa mapato ndio mkubwa kuliko yote, kisha kuna NSSF ya akiba ya uzeeni na HELB. Tena sehemu kubwa ya pesa ya daktari ni marupurupu, ya dharura, ya mazingira magumu, ya kutofungua kliniki binafsi, na mshahara wa msingi ni mdogo. Siku ya kupiga hesabu ya pensheni ndipo mtu anapoona tofauti.

Sasa ubingwa. Ni miaka kadhaa. Ukienda kwa likizo ya masomo yenye mshahara, umetulia, ingawa watakufunga kwa mkataba urudi kuwatumikia. Ukienda kwa kujilipia, unatoa karo na bado unakesha wodini ukitibu, bila kulipwa. Nimewajua waliosoma hivyo, mchana wodini, usiku lokamu, zamu za kibarua, hospitali za kibinafsi ili wapate kodi ya nyumba. Wengine walikonda.

Baba yako amesoma mpaka hapa akasema nakutisha. Huenda ni kweli. Maana nami nawakumbuka watoto tuliowapakia kwenye ambulensi usiku kuteremka Mombasa kwa kuwa huku hatukuwa na bingwa wa kuwaona, na mama zao wakinishika mkono wasitake kuniachia. Nikiwakumbuka hao natamani uondoke kesho asubuhi. Nikikumbuka daftari la kamati natamani ukae, ulipe HELB, ujenge hata vyumba viwili. Hayo mawili yananivuta, na usinilazimishe kuchagua, ingawa ukinisukuma kidogo nitachagua.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, nenda ofisi ya wafanyakazi ya kaunti. Uliza likizo ya masomo ni ya mshahara kamili au nusu, kama marupurupu yatakatwa ukiwa masomoni, na utafungwa miaka mingapi ukirudi. Wasikujibu kwa mdomo. Upewe barua yenye sahihi na muhuri. Uliza pia waliotangulia kama mishahara yao iliingia kila mwezi au walikuwa wanafuatilia kwa simu kutoka Nairobi. Ukishapata hayo nipigie Jumapili baada ya kanisa, baba yako naye atakuwepo.

Mama yako