Maswali ya Wasomaji: Jengo la Zamani na Ramani Mpya

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi jinsi maombi ya kubadili majengo ya kihistoria yanavyopitiwa na kamati katika miji yetu ya Uganda kabla ya kibali kutolewa. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua tano, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa karibu kila jambo ambalo wengine waliuliza.

Mwalimu, salamu kwako. Familia yetu inamiliki jengo la ghorofa moja mjini Jinja, lenye maduka chini na vyumba vya kuishi juu. Mbele lina veranda yenye nguzo, na juu kabisa ukutani umechongwa mwaka 1924. Tunataka kuongeza ghorofa mbili na kuifunga veranda ili tupate maduka mawili zaidi. Rafiki yetu mhandisi anasema tupeleke ramani tu, mengine yatajiendea. Je, kamati itatazama nini? — Mwenye nyumba, Jinja

Ndugu msomaji, kamati iliyo makini haiulizi kwanza kama jengo lako ni zuri. Huuliza ni kitu gani kitaondoka, na kama kinaweza kurudishwa iwapo mtu atajuta baadaye. Kwa hiyo ramani mpya peke yake haitoshi, hata ikichorwa kwa ustadi namna gani. Tangulia kuandaa kumbukumbu ya jengo lilivyo leo: picha za kila upande na kila chumba, vipimo vya kuta na nguzo, milango na madirisha ya asili yaliyobaki, na hali ya paa. Maombi mengi huja na picha moja ya rangi inayoonyesha jengo jipya linalong'aa, huku lile la zamani likiwa limetajwa kwa mstari mmoja. Wajumbe hawawezi kupima hasara ya kitu ambacho hawakuonyeshwa.

Jambo la pili ni kwamba jengo lako halisimami peke yake. Mitaa ya katikati ya Jinja ilijengwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, na thamani ya mitaa hiyo imo katika mfululizo wake: veranda inayoungana na veranda, hivi kwamba mpita njia hutembea kivulini kutoka duka hadi duka, na juu yake kuta za mbele zenye majina na miaka zikifuatana kwa urefu unaokaribiana. Ukiifunga veranda yako, umekata kivuli cha mtaa mzima, na jirani yako ataomba afanye vivyo hivyo mwaka ujao akikutaja wewe kama mfano. Mimi ningekuwa mjumbe, ombi la kuifunga veranda ningelikataa bila kusita. Hakikisha pia mpaka wa kiwanja chako kwenye hati, maana si kila mwenye duka anajua kama sakafu ya veranda iko ndani ya kiwanja chake au kwenye eneo la barabara.

Kuhusu ghorofa mbili, swali la kwanza ni la uhandisi. Jengo la miaka ya 1920 kwa kawaida husimama juu ya kuta nene za matofali ya kuchoma, si juu ya nguzo za zege lenye nondo, na msingi wake ulipimwa kwa mzigo wa wakati ule. Mhandisi asiyechimba shimo la majaribio kando ya ukuta ili auone msingi kwa macho yake anabahatisha, na hapo rafiki yako anayesema mengine yatajiendea namwomba ajitafakari. Ikibidi kuongeza, uzito mpya ubebwe na nguzo zake zenyewe zilizowekwa ndani, bila kuegemea kuta za zamani.

Swali la pili ni la macho. Ghorofa ya nyongeza ikirudishwa nyuma ya ukuta wa mbele, mtu aliyesimama upande wa pili wa barabara ataendelea kuusoma ule mwaka 1924 ukiwa na anga nyuma yake. Ghorofa moja ya namna hiyo inaweza kujadiliwa. Mbili, kwa maoni yangu, zitaligeuza jengo la zamani kuwa kibaraza cha jengo jipya. Hata hivyo, viwanja vingi vya maduka ya aina hiyo vina ua mrefu nyuma, wenye maghala na majiko yaliyochakaa, na huko ndiko penye nafasi yenu. Jengeni nyuma, hata kwa mtindo wa leo, mkiacha njia ya kupita na mwanga wa kutosha kwa vyumba vya zamani. Huenda mkapata vyumba vingi kuliko vile mlivyotarajia kuvipata juu, na kwa gharama ndogo.

Kuna jambo jingine ambalo ni la historia yetu hasa. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, majengo yao mengi yaliwekwa chini ya bodi ya serikali ya usimamizi wa mali zilizoachwa, yakapangishwa chumba kimoja kimoja, na ndani yake vikajengwa viambaza, majiko na vyoo bila mpango. Ikiwa nyumba yenu ilipitia hali hiyo, ombi lenu linaweza kuwa na sehemu inayoliponya jengo: kuondoa viambaza hivyo, kufungua tena madirisha yaliyozibwa, kurudisha ngazi mahali pake. Iandikeni sehemu hiyo waziwazi, kwa kuwa kamati hupima ombi zima, faida pamoja na hasara. Lakini msirudishe kile ambacho hamna ushahidi wake. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi duniani kote huurejelea, unasema kazi ya kurejesha isimame pale ubashiri unapoanza. Nguzo iliyovunjika mnaweza kuifuatisha kwa kutazama zile zilizobaki. Pambo ambalo hakuna picha wala mabaki yake, liacheni.

Kwa utaratibu, Sheria ya Mipango ya Maeneo ya mwaka 2010 imeitangaza nchi yote kuwa eneo la mipango, kwa hiyo hakuna mji ambamo mtu anaweza kudai kwamba kanuni hazimfikii. Ombi la kuendeleza kiwanja hupita kwa kamati ya mipango ya jiji, na kibali cha ujenzi hutolewa kwa Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013. Nendeni kwa afisa mipango mkiwa na mchoro wa penseli, kabla hamjamlipa msanifu ramani kamili, kwa sababu mtu aliyekwisha kulipia ramani husikia kila shauri kama uadui.

Ukuta wa nyumba ya babu hapa Entebbe unatoa unyevu na rangi inabanduka. Fundi anataka kupiga plasta ya saruji nzito juu ya matofali. Hilo nalo linahitaji kupitiwa na kamati? — Mjukuu, Entebbe

Matengenezo madogo kwa kawaida hayafiki kamati, nami nasikitika kwamba ni hivyo, kwa maana plasta ya saruji imeharibu kuta nyingi kuliko tingatinga. Uganda ilianza kutengeneza saruji yake huko Tororo katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo saruji iliagizwa kutoka nje kwa gharama kubwa, na waashi wengi walitumia udongo au chokaa kuunganisha matofali. Ukuta wa namna hiyo hupumua: maji yanayopanda kutoka ardhini hutoka polepole kupitia viungo na plasta laini. Ukiuvika saruji ngumu, unyevu hunaswa ndani, hupanda juu zaidi, na chumvi yake huyala matofali kwa nyuma huku nje pakionekana pazuri kwa mwaka mmoja au miwili.

Mwambie fundi aanze na maji yenyewe. Atazame mifereji ya paa, aone kama udongo wa nje umepanda juu ya sakafu ya ndani, achimbe mfereji wa kuyaondoa maji ya mvua. Ukuta ukiisha kukauka, apige plasta ya chokaa na mchanga, na rangi iwe ya chokaa pia. Kama hajawahi kufanya kazi ya chokaa, ajaribu kwanza kipande kidogo upande wa nyuma.

Mwalimu, jengo lisilo kwenye orodha ya serikali, je, mwenyewe anaweza kulibomoa atakavyo? Na lililo kwenye orodha ni salama? — Mwanafunzi wa usanifu, Kampala

Kwa muda mrefu tulitegemea Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria ya mwaka 1967, iliyoandikwa wakati miji yetu ilikuwa midogo. Mwaka 2023 ilipatikana sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kihistoria, na utekelezaji wake uko chini ya wizara yenye dhamana ya utalii, wanyamapori na mambo ya kale. Jengo lililotangazwa lina ulinzi wa wazi. Lisilotangazwa bado linahitaji kibali cha mipango na cha ujenzi kabla ya kubadilishwa, na hapo ndipo afisa mwenye macho anaweza kuuliza maswali. Shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda limefanya kazi kubwa ya kuorodhesha majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja. Orodha yake si amri ya kisheria, ila mjumbe wa kamati aliyeisoma hawezi kusema hakujua.

Swali lako la pili ni gumu zaidi. Jengo la Makumbusho ya Uganda pale Kitante lilisanifiwa na Mjerumani Ernst May na kufunguliwa mwaka 1954. Mnamo mwaka 2011 ulizuka mjadala mkali juu ya mpango wa serikali yenyewe wa kujenga mahali hapo jumba la biashara la ghorofa 60. Wanaharakati, wasomi na wananchi wa kawaida walipinga hadi mahakamani, na jengo lipo hadi leo. Kwa upande mwingine, ngome ya Lugard, afisa wa Kiingereza wa enzi ya ukoloni, kwenye kilima cha Old Kampala iliondolewa mahali pake ili kupisha msikiti mkubwa, na nakala yake ikajengwa pembeni. Msikiti ule ni fahari ya jiji na sina neno dhidi yake, lakini nakala ya ngome humfundisha mgeni umbo tu.

Kwa hiyo usitegemee orodha peke yake. Uliza ni nani amepewa nafasi ya kusema kabla uamuzi haujafanywa, na kama tangazo la ombi limebandikwa mahali ambapo watu wanapita.

Nimeteuliwa hivi karibuni katika kamati inayopitia maombi kama haya. Wenzangu wamegawanyika: wapo wanaokubali kila kitu kwa jina la maendeleo, na wapo wanaokataa kila kitu. Nisimame wapi? — Mjumbe mpya, Mbale

Mheshimiwa, simama kwenye kiwanja chenyewe. Mjumbe asiyekwenda kuliona jengo hana sababu ya kupiga kura juu yake, na ziara ya nusu saa humaliza mabishano ya vikao viwili.

Wale wanaokataa kila kitu wanastahili kusikia habari ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la sultani wa Zanzibar. Jumba hilo limo ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hakuna aliyebishania thamani yake. Hata hivyo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kazi za ukarabati zikiwa zinaendelea. Jengo huuawa pia kwa kucheleweshwa. Mwenye nyumba aliyekataliwa kila ombi huacha paa livuje, na baada ya misimu michache ya mvua hurudi na barua ya mhandisi inayosema jengo ni hatari kwa umma. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea kibali chenye masharti kuliko katazo tupu, mradi masharti yenyewe yaandikwe kwa namna ambayo mkaguzi anaweza kuyapima. "Mwonekano wa kihistoria uzingatiwe" si sharti. "Madirisha sita ya mbao ya upande wa barabara yabaki na yakarabatiwe, na lisiwekwe la alumini hata moja" ni sharti.

Wahifadhi wa Australia, katika mkataba wao wa Burra uliotungwa mwaka 1979, wanashauri kubadili kadiri inavyohitajika na kwa uchache kadiri inavyowezekana. Sehemu ya kwanza ya shauri hilo ni ya wenzako wanaokataa, na ya pili ni ya wenzako wanaokubali. Nawe, kama mwombaji ni ndugu yako au mshirika wako wa biashara, tamka hivyo mwanzoni na utoke nje ya chumba.

Kanisa letu lina nyumba ya ibada ya zamani iliyoezekwa kwa nyasi. Baadhi ya wazee wanataka mabati. Je, tukibadili paa tumeua urithi? — Katibu wa kanisa, Masaka

Inategemea kama bado mnao watu wanaojua kuezeka. Katika Makaburi ya Kasubi, mahali pa kuzikia wafalme wa Buganda penye jumba kubwa la nyasi, yaliyoungua mwezi Machi 2010, kazi ya kujenga upya ilichukua zaidi ya miaka kumi, na ni mwaka 2023 tu ambapo UNESCO iliyaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Jumba lile lilikuwa limekwisha kuongezewa nguvu kwa vifaa vya kisasa mwishoni mwa miaka ya 1930, na halikupoteza heshima yake kwa hilo. Kilichopaswa kulindwa ni ujuzi: kuezeka ni dhamana ya ukoo wa Ngeye, na pete 52 za dari zinasimama kwa koo 52 za Buganda.

Kwa hiyo watafuteni kwanza waezekaji wenu, muwaulize nyasi zinapatikana wapi, paa hudumu miaka mingapi, na nani wanamfundisha. Wakiwapo, pangeni bajeti ya kuezeka upya kwa zamu, upande mmoja baada ya mwingine, na mchukue tahadhari ya moto, hasa nyaya za umeme na mishumaa. Wasipokuwapo, pigeni picha za paa kuanzia ndani, pimeni mwinamo wake na mpangilio wa fito, hifadhini kipande cha kiungo kimoja, kisha wekeni mabati kwa mwinamo uleule bila kukata nguzo wala boriti za zamani, ili siku mkipata mwezekaji aweze kuanzia hapo.