Nimeua chupa 11 za maji ya kijani, we usirudie

Wadau wa matanki ya maji chumvi, kila wiki kuna mtu ananiuliza fitoplanktoni, yaani huu mwani mdogo unaofanya maji yawe kijani, nanunua wapi. Sinunui. Nafuga mwenyewe jikoni, juu ya kabati, chupa 4 za maji ya kunywa, taa moja na pampu ya hewa, basi. Nilianza na ya kununua kama watu wote, ile inaagizwa nje, inakaa njiani kwenye joto wiki nzima na ikifika Dar ukifungua kifuniko unapigwa na harufu ya mayai viza, hapo ushalipa. Ndo nikaamua nifuge, na mwaka wa kwanza niliua chupa 11, na nikikaa nikahesabu vizuri karibu zote niliziua kwa mkono wangu, sio kwa bahati mbaya. Kwa hiyo sitaandika kila kitu kuhusu mwani, naandika vilivyoniua mimi.

Na nikisema mwani simaanishi ule wa Paje na Jambiani akina mama wanaofunga kwenye kamba, huu ni mwani wa chembe moja moja, huuoni kwa macho, unachoona ni maji kugeuka kijani tu. Ninaofuga unaitwa Nannochloropsis, sisi tunauita nano tu, chembe yake ina mikroni 2 mpaka 4. Una mafuta mazuri ya EPA (aina ya omega-3) na ni mgumu kufa kuliko wenzake. Kuna Isochrysis, wa rangi ya dhahabu, ana DHA (omega-3 nyingine) na kopepodi, vile vidudu vidogo vya majini, wanampenda sana ila ni mdeko, akikasirika leo kesho hayupo. We anza na nano, huyo mwingine utamkuta mbele.

Alafu tuelewane jambo moja, samaki wako hatakula hii kitu. Wanaokula ni kopepodi, rotifa (vidudu vidogo zaidi ya kopepodi), chaza, sponji, wale minyoo wanaofungua manyoya kama feni, na wao kopepodi ndo wanaliwa na samaki. Kama tanki lako ni samaki wawili na mawe matupu, hela yako nunulia chakula cha kawaida.

Maji nachota Kigamboni upande wa bahari kuu, nangoja yajae kabisa, na kipindi cha masika sichoti hata siku moja kwa sababu mvua inashusha chumvi na kuleta matope. Usichote karibu na daraja la Selander pale Msimbazi unapomwagikia, mto umepita mji mzima ule. Bahari yetu kwenye haidromita, kile kipima chumvi, inasoma 1.025 hivi, mi nachanganya lita 4 za bahari na lita 1 ya maji safi yasiyo na klorini, inashuka kwenye 1.020 au 1.021, nano hapo anakua haraka.

Sasa kuyaua yale maji, maana yana wadudu wao tayari. Mwanzoni nilikuwa nayachemsha kwenye jiko la gesi, nikaona unga mweupe unatulia chini ya sufuria nikadhani ni uchafu, kumbe ni chokaa ya kwenye maji yenyewe inajitenga kwa moto, na sufuria ya mke wangu ikabaki na gamba mpaka leo, naskia habari zake kila sikukuu. Siku hizi natumia Jik ile ya kawaida isiyo na manukato, ml 1 kwa kila lita, natikisa, nafunika, naacha mpaka kesho yake. Alafu naweka dawa ya kuondoa klorini, ile sodiamu thaiosalfeti wanayouza wenye maduka ya samaki, napima na vijikaratasi vya watu wa swimingi puli, kikisoma sifuri ndo natumia. Usipopima utaweka mbegu yako, yaani mwani wa kuanzia, kwenye sumu, nishafanya, asubuhi maji meupe kama sikuweka kitu. Na tafadhali usije ukachanganya Jik na siki eti usafi uwe mara mbili, inatoa gesi ya klorini, hiyo ni hatari kwako sio kwa mwani.

Chupa ni hizi za lita moja na nusu. Kifuniko natoboa matundu mawili kwa msumari wa moto, moja linapita mrija mgumu mpaka karibu na kitako, lingine nachomeka pamba kidogo hewa itokee. Usiweke lile jiwe la hewa. Nilikuwa nalo, mapovu yalikuwa mazuri kweli kama soda, ila mapovu madogo yanatengeneza povu juu, mwani unanata kwenye povu na kukaukia shingoni mwa chupa, na chumvi inaruka mpaka kwenye soketi. Mrija mtupu, mapovu makubwa mawili matatu kwa sekunde, kazi yake ni kuzungusha maji mwani usitulie chini.

Pampu iweke juu kuliko chupa. Hili naomba ulisome mara mbili. Yangu ilikuwa kwenye rafu ya chini, umeme ukakatika usiku, na ile pamba ya kutolea hewa ilikuwa imelowa chumvi ikaziba, presha ya ndani ikasukuma maji yakapanda kwenye mrija na yakishapita ile kona juu yanajivuta yenyewe kama unavyonyonya mafuta kwenye dumu. Asubuhi nakuta zulia la kijani, pampu imekufa, chupa mbili zimebaki robo. Valvu ya kuzuia maji yasirudi ni bei ya soda tatu, nilikuwa naona haina maana.

Joto nalo. Watu wa Ulaya wakielekeza wanasema weka hita, jamani, sisi mwezi wa pili jikoni kunawaka moto. Nano anapenda nyuzi 20 mpaka 27, 28 hivi, ukivuka 30 anaanza kuchoka, na mi nilichomeka kipimajoto kwenye chupa iliyokaa sentimita 10 kutoka kwenye taa kikasoma 34, rangi ishaanza kuwa njano. Kununua AC kwa ajili ya chupa nne nyumbani wasingenielewa. Nilichofanya ni kugeuza mchana uwe usiku, taa inawaka saa 11 jioni inazima saa 3 asubuhi, masaa 16 yale yale, ila sasa joto la taa linakuja wakati wa hewa ya usiku na mchana wa jua kali chupa zinapumzika gizani. Taa ni LED nyeupe ya kawaida ya kelvini 6500, nimeisogeza iwe sentimita 20, na taima. Tangu hapo joto halijaniulia hata chupa moja.

Mbolea. Hapa wabishi wengi, na mi nilikuwa mmoja wao. Inayotakiwa inaitwa f/2, asili yake ni fomula ya Guillard na Ryther ya mwaka 1962, iliitwa f, baadae ikapunguzwa nguvu nusu ndo ikaandikwa f/2. Ina naitreti, fosfeti, madini kidogo kidogo, na vitamini tatu, B1, B12 na biotini. Yangu ni ml 1 kwa lita, ila angalia lebo ya yako, hazifanani. Mi nikajifanya mjanja nikaenda duka la pembejeo nikachukua urea, maana nilijua wenye mabwawa wanaitumia. Ni kweli wanaitumia, na mwani ulikua tena ulikua sana, tatizo ni kwamba yule wa bwawa hana matumbawe laini na minyoo ya feni sebuleni. Nilivyomwaga ule mwani kwenye tanki nikamwaga na mabaki ya mbolea, amonia ikapanda, matumbawe yakajikunja siku tatu. Na zile mbolea za majani za kupulizia ndo usiguse kabisa, nyingi zina shaba, na shaba kwa wanyama wasio na uti wa mgongo ni kifo.

Haya, sasa muuaji mwenyewe. Katika zile 11, saba zilikufa kwa kitu kimoja.

Nilikuwa nafuga kopepodi na rotifa kwenye ndoo, pembeni ya chupa za mwani. Ratiba yangu asubuhi ilikuwa napitia ndoo kwanza, nachota, nachuja, alafu jagi lile lile nasuuza na maji ya bomba harakaharaka naenda kwenye mwani. Jumatano chupa kijani kibichi. Alhamisi kijani. Ijumaa nikaona kama imepauka kidogo nikasema labda njaa, nikaongeza mbolea. Jumamosi asubuhi ilikuwa rangi ya maji ya kuoshea mchele. Nikaichukua nikaiweka mbele ya tochi ya simu, nikatulia, nikaona vumbi linatembea. Sio linaelea, linatembea, linapanda na kushuka. Rotifa. Tone moja lililobaki kwenye mpini wa jagi lilitosha, wanazaliana na kula haraka kuliko mwani unavyoweza kukua, wanakula mpaka wanamaliza kisha wanakufa wenyewe kwa njaa, ndo harufu inapoanzia. Na mimi nilikuwa nawawekea mbolea, yaani nanenepesha kuku kwa ajili ya kicheche.

Saba zote hivyo hivyo, na kila mara nilikuwa nalaumu kitu kingine, maji, taa, mbegu ya jamaa. Siku hizi mwani ndo wa kwanza asubuhi kabla sijagusa tanki, nimenawa mikono mpaka kwenye viwiko, una jagi lake lenye utepe wa kijani na jagi hilo halitoki pale, mipira yake, faneli yake. Nikishagusa ndoo ya kopepodi siku hiyo kwa mwani sirudi, hata iweje. Ndoo nimezihamishia kibarazani kwa sababu mapovu yakipasuka yanarusha matone madogo hewani, mita moja haitoshi. Mtoto wangu wa miaka sita anaijua hiyo sheria kuliko shangazi yake.

Ukiona vumbi linatembea usihangaike kuokoa. Rotifa na kopepodi wamwage kwenye tanki, ni chakula, hasara haikuwa ya bure, ila chupa loweka Jik na uanze upya. Ndo unaulizwa sasa, unaanza upya na nini? Ndo maana lazima uwe na mbegu ya akiba. Chupa ndogo ya ml 250 ya mwani mzito, kifuniko umelegeza kidogo, kwenye mlango wa friji, unaitikisa ukikumbuka. Yangu imewahi kukaa miezi miwili nikaitoa ikaamka. Na nyingine mpelekee rafiki, mi mbegu yangu ipo Mbezi kwa jamaa na ya kwake ipo kwangu, wote tushaokoana. Mbegu ya kwanza kabisa kama hujui pa kuanzia, ulizia kwenye vituo vya kutotolea samaki wa baharini na kamba (wa kula, sio wa kufungia), wale wanafuga mwani kwa matenki makubwa kulishia vifaranga, ml 200 ni kitu kidogo kwao.

Kuvuna ni rahisi. Unaanza na robo ya chupa mbegu, robo tatu maji, baada ya siku 7 mpaka 10 inakuwa nzito, weka kidole nyuma ya chupa, usipokiona imeiva. Usivune siku ya tatu kwa haraka zako, mbolea bado ipo ndani na utaimwagia tanki lako. Unachukua robo tatu unaweka friji, robo iliyobaki unaijaza tena. Mi chupa zangu nazipishanisha siku mbili mbili, zisiive zote pamoja, na kila baada ya miezi mitatu natupa zote naanza na mbegu ya akiba kwenye chupa mpya.

Kwenye friji inakaa wiki tatu hivi, itikise kila siku, ikitulia chini inaoza. Andika lebo kubwa. Shemeji alikuja Jumapili moja, kaona chupa ya kijani, baridi, kajimiminia glasi kabisa akijua ni juisi ya parachichi, alinusa ndo ikamuokoa, akauliza kwa upole hii ni ya nani mgonjwa.

Tanki langu ni lita 250, nilianza na ml 30 kwa siku wiki mbili, nikawa napima naitreti na fosfeti, sasa nimefika ml 100. Naweka usiku taa ikishazima, skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, nazima masaa mawili maana nikiiacha inakusanya mwani wote kwenye kikombe chake. Kama maji yako bado yana ukungu asubuhi umezidisha, punguza nusu.

Jana usiku saa 5 nimepiga tochi kwenye kioo cha nyuma, vidoa vyeupe vya kopepodi vinarukaruka kioo kizima, miezi minane iliyopita nilikuwa nahesabu vitatu vinne. Leo jioni navuna chupa namba 2, jagi la utepe wa kijani lishakauka.