Bushi za gari la miaka mingi: mpira, poliyurethani, na kosa la kukaza bolti gurudumu likining'inia

Bushi ni kipande cha mpira, au cha poliyurethani (plastiki ngumu inayonyumbuka), kinachokaa kwenye maungio ya vyuma vya chini ya gari. Ikichakaa, lawama huangukia shokapu. Gari linatangatanga barabarani, ukikanyaga breki pua inavuta upande, ukishuka kwenye tuta unasikia "ngo" moja nzito chini ya miguu, na tairi linalika ukingo wa ndani ingawa alaimenti ilifanywa juzi. Shokapu mpya zinafungwa na ngo inabaki palepale, kwa sababu kinachoshika aam, yaani mkono wa chuma unaobeba gurudumu, mahali pake ni bushi.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ingia chini na mtaimbo mdogo. Gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki. Penyeza mtaimbo kati ya aam na kiti chake kwenye fremu, sukuma taratibu. Kucheza kidogo ni kawaida, mpira umewekwa ili ucheze. Unachotafuta ni mpira uliobanduka kutoka kwenye chuma, bomba la ndani (linalopitisha bolti) lililohama katikati, au chuma kugonga chuma. Nyufa nyembamba za juujuu hazitoshi kuihukumu bushi. Zipo pia bushi zenye kimiminika ndani. Ukikuta majimaji meusi yamechuruzika chini yake, hiyo imepasuka, hata kama mtaimbo hauoneshi mchezo mkubwa.

Kagua boljointi papo hapo, yaani kiungo cha duara kwenye ncha ya aam upande wa gurudumu. Ikiwa nayo imelegea na aam ni ya bati, mara nyingi kununua aam nzima yenye bushi na boljointi mpya ni nafuu kuliko nusu siku ya kupigana na presi, mashine ya kusukumia bushi.

Mpira au poliyurethani?

Hizi mbili hazifanyi kazi kwa njia moja, na hapo ndipo wengi hupotea. Katika bushi ya kawaida ya kiwandani, mpira umeshikamana na bomba la ndani na ganda la nje. Hakuna kinachoteleza. Aam inapopanda na kushuka, mpira wenyewe hujipinda kisha hurudi. Bushi nyingi za poliyurethani hazijashikamana na chuma: bomba la ndani huzunguka ndani yake. Ndiyo maana zinahitaji grisi, ndiyo maana hulia zikikauka, na ndiyo maana hazipendi kupindwa kwa upande.

Ugumu hupimwa kwa mizani ya Shore A, namba kubwa ikiwa ngumu zaidi. Mpira wa kiwandani kwa kawaida uko kati ya 50 na 70. Poliyurethani ya barabarani huanzia karibu 75 hadi 95. Usichague kwa rangi, kwani kila mtengenezaji ana rangi zake, na nyekundu ya mmoja inaweza kuwa laini kuliko nyeusi ya mwingine.

Kama bushi zilizomo zina miaka 20, mpira mpya wenye ubora wa kiwandani peke yake utalibadilisha gari kuliko unavyotarajia. Poliyurethani tungeiweka kwenye stabilaiza (fimbo inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto) kwanza, ambako inapunguza gari kulala kwenye kona bila kuongeza mtetemo mwingi, kisha kwenye bushi ya mbele ya aam ya chini pale ambapo aam inazunguka kwa mhimili mmoja tu. Bushi kubwa ya nyuma ya aam hiyo ni habari nyingine. Kwenye magari mengi imetengenezwa ilegee kidogo kwenda mbele na nyuma ili gurudumu likiingia shimoni pigo lifie pale. Ukiifanya ngumu, pigo linahamia kwenye usukani na kwenye viti vya aam.

Kwenye ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, tahadhari iongezeke. Gurudumu moja likipanda na la pili kushuka, aam zinazoishika ekseli hulazimika kupinda. Bushi ngumu huzikatalia, na nguvu hiyo hutafuta pa kutokea: mara nyingi ni weldi za viti kwenye chesi. Magari yaliyoinuliwa, mfano Toyota Land Cruiser 80 Series, yana tatizo la ziada: kuinua hupunguza kasta ya mbele (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma), usukani unakuwa mwepesi na hauna hamu ya kurudi katikati. Zipo bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni zinazorudisha digrii kadhaa. Soma alama ya mwelekeo mara mbili, maana ukizigeuza unaongeza kosa lilelile ulilokuja kulirekebisha.

Kutoa za zamani

Gari likiwa bado chini, pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa matao ya gurudumu, kila kona, uandike. Namba hizo utazihitaji mwishoni. Siku moja kabla, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti zote. Kama kuna bolti yenye washa za kurekebishia alaimenti, chora mstari wa rangi kwenye washa na kiti chake kabla hujaigusa. Kama aam inabeba springi au tosheni baa (fimbo inayofanya kazi ya springi kwa kujipinda), ondoa mzigo huo kwanza. Springi iliyobanwa ikichomoka inaua.

Adui mkubwa wa gari kuukuu ni bolti iliyoshikana kwa kutu na bomba la ndani. Nati inafunguka vizuri, bolti inageuka, lakini inageuka pamoja na bomba na haitoki. Usiendelee kupiga nyundo hadi kiti kipinde. Kata bolti pande zote mbili, kati ya bushi na kiti, kwa msumeno, ukiwa tayari na bolti mpya. Hata zikitoka salama, bolti ambazo mtengenezaji anasema zitumike mara moja tu zibadilishwe.

Kabla ya kusukuma bushi, piga picha au weka alama kwenye aam kuonesha inavyoelekea. Bushi zenye matundu matupu ndani ya mpira zina upande wake, na digrii chache tu za kukosea hubadilisha tabia ya gari. Presi ya tani 12 inatosha kwa nyingi. Usipokuwa nayo, fimbo yenye nyuzi ya M14, nati ndefu, washa nene na vikombe vya chuma vya kipenyo sahihi vitavuta bushi taratibu. Ganda likigoma, toboa mpira kwa drili, kisha kata ganda kwa msumeno wa chuma kwa ndani, ukisimama kabla ya kugusa aam. Kuchoma mpira kwa moto ni njia ya mkato inayojaza moshi wa sumu na kuharibu aam za alumini.

Baadhi ya seti za poliyurethani hutaka ganda la zamani libaki. Soma kwanza, kata baadaye.

Kuingiza na kukaza

Safisha tundu kwa brashi ya waya na msasa, ondoa kila ncha. Bushi yenye ganda la chuma isukumwe kwenye ganda, kamwe si kwenye mpira wala bomba la ndani. Kuiweka kwenye friza saa chache husaidia. Ya mpira isiyo na ganda lainisha kwa maji ya sabuni, kwani grisi ya petroli huuvimbisha mpira. Poliyurethani ipakwe grisi ya silikoni iliyokuja na seti, ndani na kwenye nyuso za pembeni. Bushi ikiingia kwa mkono mahali ilipotakiwa kubanwa, tundu limepanuka na aam hiyo haifai tena.

Sasa lile kosa. Fundi anafunga aam, gurudumu linaning'inia, anakaza bolti kabisa, anashusha gari. Bolti ikishabanwa, bomba la ndani limefungwa kwenye kiti. Gari linaposhuka, mpira unapindwa na kubaki umepindwa hata gari likiwa limeegeshwa. Kila tuta linaanzia kwenye mpira ambao tayari umevutwa. Unachanika mapema, na lawama zinaenda kwa muuza vipuri.

Kwa hiyo kaza bolti za bushi kwa mkono tu, kisha inua kwa jeki chini ya boljointi hadi kipimo cha habu na tao kilingane na ulichoandika, huku stendi zikibaki mahali pake. Hapo ndipo utumie spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba ya kitabu cha gari hilo. Paka kizuia kutu kwenye shina la bolti linalopita ndani ya bomba, lakini si kwenye nyuzi, kwa kuwa nyuzi zilizolainishwa huifanya toki ileile ibane kupita kiasi. Poliyurethani inayozunguka huru haidhuriki hivyo, ila kwa kuwa magari mengi huishia na mchanganyiko, kaza zote gari likiwa kwenye kimo chake.

Badilisha kulia na kushoto pamoja, ufanye alaimenti mara moja, urudie toki ya bolti zote baada ya kilomita mia kadhaa. Poliyurethani ikianza kulia kama kitanda cha zamani, ifungue na kuipaka grisi upya. Kunyunyizia mafuta kwa nje hunyamazisha kelele kwa siku chache na huvuta vumbi.