Jibu: Kura ya kikundi bila kununiana

Ndugu, umesema kikundi chenu cha dagaa hapo Kibirizi mko 21 na mkinyoosha mikono kuchagua kifaa cha kikundi mnagawanyika: mashine ya boti 9, friza 8, chanja ya kuanikia dagaa 4. Mashine inashinda, watu 12 wanaondoka na kinyongo.

Msinyooshe. Kila mtu apange yote matatu kwenye karatasi: la kwanza pointi 3, la pili 2, la mwisho 1. Ni njia ya Mfaransa Jean-Charles de Borda, ya mwaka 1770. Tuseme wa mashine na wa friza wote wameweka chanja ya pili, na wa chanja wakaweka friza. Jumlisha: chanja 46, friza 41, mashine 39. Umeona?

Ila kuna wajanja: wanajaza lao tu ili mengine yasipate pointi. Anayejaza moja tu, lipate pointi 1, si 3. Akijaza mawili, 2 na 1. Kwetu Ujiji mzee mmoja alijaza lake peke yake, kakunja karatasi kwa madaha. Tulipoandika hesabu ubaoni akaomba karatasi nyingine, tukacheka sana.

Uongozi nao gawaneni: mwenyekiti na mweka hazina wasitoke kambi moja.