Jibu: Pori bila askari linalindwaje?

Ndugu, umeuliza pori la mbali linalindwaje bila askari wa hifadhi. Tazama Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe wanawinda, wanachimba mizizi na kurina asali humo tangu enzi za mababu, lakini mashamba yalikuwa yanalimega kila mwaka. Dawa yao ilikuwa karatasi, siyo bunduki. Mwaka 2011 walipewa hatimiliki ya kimila ya pamoja, yaani ardhi ni ya jamii nzima, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hapo hata mwenyekiti wa kijiji hawezi kumkatia mgeni kipande kienyeji.

Kazi ngumu, kwa maoni yangu, ilikuwa kuelewana na jirani. Wadatoga ni wafugaji, wanataka malisho kiangazi. Basi ramani ya matumizi ya ardhi ikatenga maeneo ya mifugo na ya kuwindia. Vijana wa vijiji wenyewe ndio wanaodoria, wanaripoti majangili na miti iliyokatwa. Posho zao, na sehemu ya matibabu na ada za shule, zinatokana na mauzo ya hewa ukaa, yaani malipo ya kutunza miti inayohifadhi hewa hiyo. Bado wavamizi wapo, tusidanganyane.