Shangazi, Benzi limenilalia mbele ya bibi harusi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina Benzi S320 la mwaka 2001. Juzi nililitoa limbebe bibi harusi, binti wa kaka yangu. Tulipotoka ukumbini tulilikuta limelala kulia mbele, tairi limemezwa na bodi. Bibi harusi akaondoka na Noah. Fundi ameshabadilisha kompresa ya upepo mara mbili, na zote zimekufa. Mke wangu hapandi tena. Sasa shemeji analitaka kwa harusi ya Desemba. Nifanyeje?
Mwenye Aibu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Hizo kompresa hazikufa zenyewe, ziliuawa.

S-Class nyingi za kizazi cha lako, W220 za 1998 hadi 2005, hazikai juu ya springi za chuma. Zinabebwa na mifuko ya mpira iliyojazwa upepo, iliyomo kwenye shokapu. Mpira wa zaidi ya miaka ishirini hupasuka pale unapojikunja, upepo ukavuja polepole usiku kucha. Kompresa inalazimika kupuliza muda mrefu kuliko ilivyotengenezwa, inapata moto, ringi ya pistoni inalika. Mara nyingine rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima, nayo inaganda, kompresa inanguruma hata gari likiwa limezimwa, na asubuhi unakuta betri imekwisha. Kufunga kompresa mpya kabla ya kuziba uvujaji ni kutwanga maji kwenye kinu, na anayelipia ni wewe.

Anza na futi. Egesha mahali tambarare jioni, zima, kisha pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Andika vipimo vyote vinne. Asubuhi, kabla hujawasha, pima tena. Ikishuka pembe moja, shuku shokapu ya pembe hiyo au bomba lake la upepo. Zikishuka mbili kwa pamoja, mwambie fundi aanzie kwenye boksi la vali linalogawa upepo. Kama gari halinyanyuki kabisa hata injini ikiwaka, angalia fyuzi na rilei kwanza, maana ndizo rahisi.

Kuthibitisha, pulizia maji ya sabuni kwenye maungio ya bomba juu ya shokapu na kwenye mpira wenyewe. Penye mapovu ndipo panapovuja. Lakini asiingie mtu chini ya gari hilo kwa kutegemea jeki. Upepo ukitoka ghafla, bodi inashuka yote. Stendi za chuma kwanza.

Shokapu usinunue iliyotumika, mpira wake ni mzee kama huo wako. Fungeni mpya, na kompresa ikibadilishwa, rilei ibadilishwe siku hiyo hiyo. Shokapu mpya ijazwe upepo kabla gari halijakanyaga chini kwa uzito wake wote, la sivyo mpira unajikunja vibaya na unaharibika siku ya kwanza. Bei ikikushinda, kuna seti za springi za kawaida. Utapoteza ule ulaini, na taa ya onyo itabaki inawaka hadi kompyuta ya gari irekebishwe, ila halitalala tena. Kwangu mimi hilo si jambo la kuonea haya.

Kuhusu mkeo, acha kumwambia "safari hii limepona". Nadhani alichochoka nacho ni kushtukizwa, si gari. Mwonyeshe vipimo, mwambie bei ya spea, amueni pamoja kama pesa hiyo ipo. Kama haipo, liuze, na mnunuzi aje alione asubuhi likiwa limelala, si baada ya wewe kulipandisha.

Shemeji mjibu leo: atafute gari jingine. Akiona Benzi lako limekaa wiki mbili bila kipimo cha asubuhi kushuka, hapo mnaweza kuzungumza, na hata siku hiyo Noah iwe nyuma yenu.