Vijana wa huduma wanafundishwa njiani wakati wa kurudi

Kama kanisa lenu linataka kuandaa vijana wa kuhudumia vijana wenzao, kabla hamjawaza masomo wala mgeni rasmi wa ufunguzi, chukueni kwanza kalenda ya Necta, lile baraza la mitihani. Sitanii. Hapa Tanzania form four wanafanya mtihani Novemba, matokeo yanatoka Januari, waliochaguliwa kidato cha tano wanaripoti Julai, sasa hapo katikati kijana yuko tu nyumbani anasubiri, anachezea simu, mama yake anamtuma dukani kila saa. Hao ndo wanafunzi wako. Form six wao wanamaliza Mei na wengi wanaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwahiyo ukiwapangia kozi Juni utashangaa wanakuaga mmoja mmoja hadi ubaki na mpishi. Sisi huku Iringa kozi yetu ya kuandaa vijana wa huduma tunaianza Februari tunaimaliza Juni, baridi kali ikianza kukolea watu wanafunga mabegi.

Alafu kuna jambo linafuatia hapo hapo ambalo makanisa mengi hayaliwazi. Kijana aliyetoka form four ana miaka 16, 17 hivi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Yani huyu unayemwandaa akalee watoto, kisheria naye ni mtoto! Kwahiyo huwezi kumpokea kwa sababu tu kaleta barua ya mchungaji, unataka barua ya mzazi, na mzazi mwenyewe uongee naye kwenye simu umsikie sauti, na mabinti wawe na matroni anayelala pale pale sio anayekuja asubuhi na kitenge chake kuuliza mmeamkaje. Na huyo wa miaka 17 humtumi peke yake kwenda kusimamia mkesha wa watoto kijiji cha mbali eti kwa sababu ana upako. Upako anao sawa, ila ni mtoto.

Siku zetu zenyewe ni za kawaida mno, mtu akija kututembelea anaweza kuboreka. Kengele inalia bado giza, maombi, usafi, chai, vipindi mpaka mchana, bustani, na jioni au siku za shule wanatoka kwenda kuhudumu. Vipindi ni vizuri na tunavihitaji, Biblia lazima waijue, siwezi kumtuma mtu akafundishe kitu ambacho hajasoma. Ila kama ningeambiwa nipunguze kitu kimoja kwenye ratiba ningepunguza vipindi kabla sijagusa yale maongezi ya njiani tukiwa tunarudi. Pale ndo kijana anafundishika, akiwa bado ana jasho la kilichotokea.

Nitoe mfano wa kipindi cha dini. Shule nyingi za sekondari kinakuwepo kwenye ratiba, na wanaoenda kufundisha mara nyingi ni watu wa kujitolea kutoka makanisani, kwahiyo ni uwanja mzuri wa mazoezi. Kijana mmoja nilienda naye, mimi nikakaa dawati la nyuma kabisa. Kipindi ni dakika 40. Akaingia, Bwana Yesu asifiwe, haikutosha akairudia kwa nguvu, nyie mbona mmepooza, akaimbisha pambio, akajitambulisha, akatambulisha kanisa, akasimulia jinsi alivyokuwa anachukia shule ya Jumapili akiwa mdogo, akaimbisha tena, akafungua Biblia, kengele ikalia. Akafunga kwa maombi harakaharaka wanafunzi wakiwa wameshasimama.

Sasa tunarudi kwa miguu, na yeye yuko juu sana, ananiambia mwalimu leo uwepo ulishuka. Sikubishana naye, nilimuuliza tu yule binti aliyekaa dirishani ameinamisha kichwa ana nini? Akaniuliza binti yupi. Nikamuuliza wale watatu wa nyuma karibu na mimi walikuwa wanaongea nini, hajui. Nikamuuliza darasa lote nani alifungua mdomo zaidi ya kusema amina, akanyamaza, tukatembea kama mtaa mzima hasemi kitu. Mi pia nikanyamaza, na hapa ndo nasisitiza kwa wenzangu mnaofundisha, NYAMAZENI. Tuna ugonjwa wa kumalizia kijana sentensi. Ukimpa jibu pale pale atalibeba kichwani siku mbili limeisha, ila akilitafuta mwenyewe halisahau.

Wiki iliyofuata alifika na makaratasi madogo amekata kwenye daftari. Akawagawia wanafunzi waandike swali lolote bila jina, akakusanya kwenye kofia yake. Dini dini mwanzoni, Kaini alimuoa nani na kadhalika, wanafunzi hawakosi hilo. Alafu yakaanza kutoka yenyewe. Moja linauliza, kubeti ni dhambi hata kama hela nalipia michango ya shule? Lingine mwandiko mdogo sana: baba amehama nyumbani, nimwombee arudi au nimwombee asirudi? Kijana akalisoma, akalisoma tena, akanitazama kule nyuma nimsaidie. Sikumsaidia. Akawaambia darasa, hili sina jibu la haraka, ila aliyeandika kama anapenda kuongea mimi na dada niliyekuja naye tutakuwa pale chini ya mti mpaka mapumziko yaishe. Hakuimbisha pambio hata moja siku ile.

Paulo mwenyewe hakuanza kwa kumwandikia Timotheo barua. Alimkuta Listra, akamchukua wakasafiri wote, barua zilikuja baadae. Sisi tumegeuza, tunaanza na notisi.

Ila kwenda nao kuna adabu zake, na hizi wafundishe kabla hawajavuka geti la shule. Barua ya kanisa unayo. Unapita kwa mkuu wa shule kwanza, shikamoo, unasaini kitabu cha wageni, unauliza kipindi kinaisha saa ngapi na unaheshimu saa hiyo. Mwalimu wa darasa akitaka kukaa ndani asikilize, karibu sana, tena afadhali. Shule ina watoto wa madhehebu tofauti, umeingia kama mwalimu wa dini hukuja kuvuna washirika wa kwenu, na wapo vijana wakishapewa chaki tu wanaanza kuponda makanisa ya wengine. Hilo nikilisikia kijana anarudi darasani kwangu kwanza.

Sasa suala la usalama wa watoto, hapa nitachukua muda kidogo maana ndo tunapofeli kama kanisa. Kwetu kuna zoezi la kuigiza. Mmoja anakuwa mtoto, anakuja kwa mlezi anasema nina jambo nataka kukwambia ila niahidi hutamwambia mtu. Karibu wote mara ya kwanza wanajibu nakuahidi. Wanajibu kwa upendo kabisa, macho yamelegea. Na hapo wameshajifunga, kwa sababu kama mtoto atakachosema ni kwamba anafanyiwa ukatili, kijana ana mawili tu, avunje ahadi au anyamaze mtoto aendelee kuumia. Kwahiyo tunarudia zoezi mpaka mdomo uzoee kusema nitakusikiliza, na kama ni jambo la kukuumiza nitamwambia mtu anayeweza kukusaidia, na nitakwambia ni nani. Usimhoji mtoto kama polisi, usiende kumkabili mtuhumiwa, siku hiyo hiyo unamwambia msimamizi wako, na taarifa inaenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Ipo pia namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, kila mmoja wetu anaihifadhi kwenye simu.

Na mtuhumiwa akiwa mtu wa kanisani? Ni vile vile. Najua kuna wazee watakwambia tuyamalize kikanisa tusiliaibishe jina la Bwana, mi siamini kwamba jina la Bwana linalindwa kwa kumficha mtu anayeumiza watoto, na kijana wangu nataka ajue hivyo kabla hajakutana na hao wazee. Mambo mengine ya kila siku ni madogo ila hayajadiliwi: huongei na mtoto chumbani mlango umefungwa, hutumi meseji kwa binti wa form two saa tano usiku hata kama ni mstari wa Biblia, humpi mtu zawadi ya siri.

Hela nayo. Wengi wanaingia huduma hawajawahi kushika hela ya watu. Likija kongamano la Pasaka michango inatumwa kwa M-Pesa kwenye namba ya katibu, namba hiyo hiyo ndo anayonunulia vocha na anayotumiwa hela na shangazi yake, waliotuma hawakuweka ya kutolea, makato yamekula, siku ya kulipa ukumbi hesabu haifungi na katibu wa watu anaonekana mwizi wakati hajaiba hata mia. Kwahiyo kila mwanafunzi wetu kabla hajamaliza anapewa safari moja aisimamie yeye, nauli, sabuni, chakula, kila kitu. Ana daftari, ana risiti, na mwenzake anasaini pembeni kila hela inapotoka. Akirudi tunakaa nae mezani mstari kwa mstari. Wanalichukia zoezi hili kuliko kufunga na kuomba.

Hapo hapo kwenye hela niseme na wakubwa wenzangu. Msimtume kijana kuhudumu bila nauli alafu mkaita imani. Kutembea kwa imani ni kitu kizuri mtu akikichagua mwenyewe, ila kanisa lina hela ya maturubai na muziki alafu kijana anadandia lori kwenda kwenye huduma, hiyo sio imani ni uonevu. Mzazi akija kuniuliza, na wanakuja kweli, mwalimu sasa huyu mtoto atakula nini na hii huduma yenu, simpi mahubiri. Namwambia mzee, kazi ya kulipwa kanisani ni chache, mimi simuahidi kazi, akichaguliwa kusoma aende akasome, na huduma ataikuta huko huko shuleni kuna UKWATA, chuoni kuna TAFES, hayo ni makundi ya wanafunzi wa Kikristo, na mengine yapo pia. Hapa anatoka anajua Biblia, anajua kusimama mbele ya watu, anajua kutunza hesabu, na mboga analima. Mzazi anashusha pumzi. Wengi walikuja wakidhani nataka kuwachukulia mtoto jumla.

Sauti je? Sijui niseme nini kuhusu sauti. Mtoto wa watu katoka Njombe, anaongea taratibu mezani, anacheka vizuri, mpe maiki tu, ghafla anakohoa kila neno na lafudhi ya Nigeria imeingia. Amekaa kwenye simu anatazama wahubiri ndo maana. Dawa yangu ni kumnyima maiki. Namweka chini ya mti na watoto nane, hapo ukipiga kelele wanakushangaa tu, inabidi uongee.

Na mapenzi, maana nisipoyasema mtaniuliza. Vijana wakike na wakiume wanakaa kozi moja miezi kadhaa, watapendana, ni afya. Sheria yetu moja ambayo siilegezi ni kwamba hakuna kumwambia mtu Mungu amenionyesha wewe. Wala nimeoteshwa. Ukimpenda mtu kozi iishe, umri uruhusu, umwambie nakupenda kwa jina lako mwenyewe, umpe nafasi ya kukataa. Ukimtanguliza Mungu binti atakataaje? Hilo nimeona linaumiza mabinti wengi kuliko watu wanavyodhani, na anayeumia anahisi amemkosea Mungu juu yake.

La mwisho ambalo sisi tulichelewa kulifanyia kazi ni kurudi kwao. Kijana anarudi usharikani amechangamka, mchungaji amefurahi, Jumapili ya kwanza tu anatangazwa. Ndani ya mwezi ni mwalimu wa Sunday school, katibu wa vijana, yuko kwaya, anafunga vyombo vya muziki, anapeleka barua za kanisa mtaani, na kipindi cha dini shule mbili. Mwezi wa tatu simu yake haipatikani. Siku hizi kabla hajapanda basi namwandikia mchungaji wake barua, nampigia na simu, namwambia shikamoo baba, kijana wako anarudi, naomba mpe kazi moja tu kwa miezi sita, mpe mtu mzima mmoja wa kumuuliza kila wiki imeendaje, na mlipieni nauli. Wapo wanaofuata. Wengine wananijibu amina mtumishi, na kijana anakabidhiwa funguo za kanisa siku ile ile.